Mawazo Yakikulemea: Mwongozo Kamili wa Wiki Tano

Kazi imekatika, au mwenzi amefariki, au siku ya marejesho ya mkopo imefika na mfukoni hakuna kitu. Siku za kwanza mtu hulia, hukasirika, huzunguka kutafuta msaada. Baadaye mambo hubadilika polepole: chai inapoa mezani, simu inaita haipokelewi, kanga ni ile ile siku ya tatu, na usiku macho yako wazi mpaka muadhini anaadhini. Ukimuuliza ana nini, anakujibu, "Mawazo tu."

Hayo "mawazo tu" yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo haimngoji daktari bingwa. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa mitaani wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wawasaidie kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wake wa vikao vitano, kimoja kila wiki, unaoendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na mpango huo umejaribiwa Peshawar, Pakistan, na Nairobi. Hatua zilizo hapa chini zimefuata njia hizo. Unahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja unayemwamini.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana kila hatua inasimama juu yake: usingoje moyo utulie ndipo uanze kufanya mambo. Mtu mwenye huzuni hujifungia ndani. Akijifungia, vile vitu vidogo vilivyokuwa vikimpa nguvu vinakatika, yaani salamu za barazani, jasho la kazi, kusifiwa mchuzi wake. Vikikatika, huzuni inazidi, naye anajifungia zaidi. Mduara huo hukatwa kwa tendo, hata liwe dogo kama kuloweka nguo nne, na hamu hufuata nyuma yake.

Kabla ya kuanza: jipime, upime na mwili

Andika tarehe juu ya ukurasa, kisha ujibu maswali mawili kuhusu wiki mbili zilizopita. Ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni, unyonge au kukata tamaa? Kila swali jipe 0 kama haikutokea, 1 kama ni siku chache, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ikifika 3, nenda kituo cha afya ukaombe kipimo kirefu cha maswali tisa, chenye alama 0 hadi 27. Kuanzia 10, mhudumu wa afya akuangalie. Kuanzia 15, usilibebe peke yako na daftari. Hatua hizi bado zitakufaa, lakini zikiwa pamoja na matibabu.

Omba pia upimwe wingi wa damu, sukari, na homoni za tezi ya thairoidi kama kipimo kipo. Upungufu wa damu na thairoidi iliyolegea huleta uchovu na unyonge unaofanana kabisa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Kama umejifungua ndani ya mwaka huu, mwambie nesi waziwazi jinsi unavyojisikia, kwa sababu sonona ya baada ya kujifungua ipo na inatibika. Kama unatumia efavirenzi, dawa ya VVU, dawa hiyo huweza kuleta ndoto mbaya na kushusha moyo. Usiiache, ila sema kliniki ili wakuangalie na kukubadilishia ikibidi.

Kuna na upande wa pili: mawazo huja yamevaa nguo za ugonjwa wa mwili. Kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, tumbo linajaa, miguu inapata ganzi. Watu wengi hutibiwa taifodi na vidonda vya tumbo mara kwa mara bila nafuu, kwa kuwa hakuna aliyewauliza wanalalaje na wanawaza nini. Ukifika kwa daktari, usiishie kusema kichwa kinauma. Sema na kilichotokea nyumbani.

Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukapitisha siku kadhaa bila kulala huku una nguvu za ajabu na mipango mikubwa mikubwa, nenda hospitali mara moja. Hali hizo zinahitaji matibabu ya hospitali, na kujisaidia kwa daftari hakutoshi.

Kama wazo la kujitoa uhai limeingia

Hili haliingoji wiki ya kwanza. Mwambie mtu leo hii, kwa maneno yaliyonyooka: "Nimekuwa nikifikiria kufa. Kaa na mimi." Na wewe unayemuona mwenzako anagawa vitu vyake, anaaga, au anasema amekuwa mzigo kwa watu, muulize hivi: "Je, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua.

Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa za shambani, sumu ya panya na akiba ya vidonge, upeleke kwa jirani. Si kufungia kabatini tu. Wimbi la kutaka kufa huweza kuwa kali kwa muda mfupi kisha likashuka, na mtu akikosa kitu cha kujidhuru katika muda huo huvuka. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kisha mpeleke hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure na ina washauri. Kwa watoto na vijana, 116 inapatikana Kenya na Tanzania.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume cha katiba. Tanzania kanuni ya adhabu bado inalitaja jaribio hilo kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa daktari si kosa popote kati ya nchi hizo mbili.

Wiki ya kwanza: pumzi na usingizi

Kaa kwenye kiti au mkekani, mabega yalegee. Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka tatu, tumbo lisukume mkono. Toa taratibu ukihesabu mpaka tatu, mkono urudi. Endelea dakika tano, asubuhi na jioni, kila siku.

Kosa la kwanza ni kuvuta hewa nyingi na kwa haraka. Hapo hewa ya kaboni inapungua mno mwilini, kichwa kinazunguka na vidole vinapata ganzi, na mtu anaapa kwamba zoezi linamdhuru. Vuta hewa ya kawaida, polepole tu. Kosa la pili ni kulingoja zoezi mpaka siku ya hofu kubwa. Lizoee ukiwa umetulia, ndipo mwili utalikumbuka moyo unapokwenda mbio ndani ya daladala.

Usingizi urekebishe kwa kuanzia asubuhi. Chagua wakati mmoja wa kuamka, tuseme saa 12 asubuhi, uushike hata kama umelala kwa muda wa saa mbili tu, na Jumapili pia. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, wala usivuke saa 9 alasiri. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana: baada ya muda wa kama saa tano, nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni kipo nawe saa 3 usiku. Miraa nayo hukesha na mtu. Pombe hulaza haraka kisha humwamsha mtu saa 8 usiku akiwa na hofu kubwa kuliko aliyolala nayo.

Ukikaa macho kitandani yapata dakika 20, toka. Kama nyumba ni chumba kimoja, kaa kwenye kigoda mwanga ukiwa hafifu, simu ikiwa mbali, mpaka kope zizidiwe. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kupigia hesabu za madeni.

Na hizo hesabu zipangie muda wake. Kila siku saa 11 jioni, dakika 20, andika kila kinachokusumbua. Mawazo yakija usiku, yaambie kesho saa 11. Siku tatu za mwanzo hayatasikia. Endelea.

Wiki ya pili: daftari la matatizo

Hii ndiyo wiki yenye kazi nzito na yenye faida kubwa, kwa hiyo usiipite mbio. Akina bibi wa Harare huiita kwa Kishona kufungua akili, nalo jina linafaa, maana shida kumi zikichanganyika kichwani huonekana shida moja isiyo na mlango.

Gawa ukurasa safu tatu kwenda chini: *naweza kulitatua, naweza kulipunguza, siliwezi*. Chukua mfano wa karani aliyepunguzwa kazi akiwa na umri wa miaka 41. Kichwani mwake kulikuwa na sentensi moja tu, "Maisha yangu yameharibika." Akiandika, inatoka hivi: kodi ya vyumba viwili (Sh 80,000 kwa mwezi, miezi miwili haijalipwa), deni la kikoba (Sh 300,000), mikopo miwili ya simu, ada ya muhula, aibu mbele ya baba mkwe, miaka tisa kazini imekwenda bure. Sita. Nne kati ya hizo zina tarehe, kiasi, na mtu wa kuzungumza naye.

Chagua moja ya kuanzia, na isiwe kubwa kuliko zote. Anza na ile inayoweza kusogea ndani ya siku saba, kwa sababu wiki hii mtu anahitaji kuona kitu kimesogea. Iandike kwa namna ambayo mgeni angeielewa. "Shida ya hela" haishikiki. "Nadaiwa kodi Sh 160,000 na mwenye nyumba anakuja tarehe 5" inashikika.

Sasa andika njia zote zinazokujia, angalau sita, hata zile za kipuuzi, bila kuzihukumu. Kuhamia kwa kaka. Kuuza friji. Kumkwepa mwenye nyumba. Kurudisha chumba kimoja. Kukopa tena. Kuomba muda. Ukikwama, muulize yule mtu wako: "Ingekuwa shida hii ni yako, ungefanya nini?" Baada ya hapo ndipo uchuje. Kumkwepa kunanunua siku tatu na kuuza heshima. Kukopa tena, hasa ile mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, kunahamisha tatizo na kulinenepesha. Kurudisha chumba na kuomba muda vinaweza kwenda pamoja.

Vigeuze viwe hatua zenye siku na saa. *Jumanne jioni, hamisha vitu chumba cha pili. Jumatano saa 3 asubuhi, mpigie mama mwenye nyumba kabla hajapiga yeye.* Andika hata maneno utakayosema, kwa sababu sauti ikitetemeka karatasi itakushika:

"Shikamoo mama. Nadaiwa laki moja na sitini, najua. Kazi imesimama. Chumba kimoja nakurudishia leo umpangishe mwingine, nibaki na kimoja. Ijumaa nakuletea elfu thelathini ya deni, na kila Ijumaa elfu ishirini mpaka iishe. Naomba unikubalie."

Anaweza kukataa. Ndiyo maana njia ya tatu ibaki imeandikwa pembeni. Jumapili rudi kwenye ukurasa: kipi kimefanyika, kipi kimekwama na kwa nini. Hatua ikikwama, mara nyingi ilikuwa kubwa mno. Ikate vipande viwili.

Wenye madeni mengi waongeze ukurasa wenye jina la kila mdai, kiasi kilichobaki, riba, na tarehe. Kinachotunza paa na chakula kinatangulia. Wengine wapigiwe kabla ya tarehe, si baada yake.

Yale ya safu ya tatu hayatatuliki, na kuyasukuma ni kujichosha. Kifo kiko humo. Huzuni ya msiba si ugonjwa. Kulia ghafla sokoni, kusikia kama marehemu anafungua mlango, kumkasirikia kwa kuondoka, yote ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo. Matanga yana hekima yake: yanamzunguka mfiwa watu, sufuria na kazi. Hatari huja mikeka ikishakunjwa na wageni wakipanda mabasi. Ndugu wapange zamu tangu siku ya kuondoka: nani atapiga simu Jumatatu, nani atakuja Alhamisi. Mjane aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi asihesabiwe kuwa ana watu wa kutosha kwa sababu tu yuko nyumbani. Wanawake wenzake wamfuate huko huko. Kama baada ya miezi sita au zaidi mtu bado hawezi kula, kufanya kazi au kutunza watoto kwa sababu ya majonzi, apelekwe kwa mtaalamu.

Msimpe mfiwa diazepamu, dawa ya kutuliza, iliyonunuliwa duka la dawa "apate kulala". Inazoeleka haraka, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu huzuni ya msiba.

Wiki ya tatu: rudi kwenye shughuli

Andika mambo matano uliyokuwa ukifanya kabla na sasa umeacha. Yachanganye ya lazima na ya raha: kufua, kusuka, bao, kwaya, kumwagilia mchicha. Chagua moja la kila aina, kisha lipunguze mpaka lionekane dogo kupita kiasi. Kwaya inakuwa "kwenda Alhamisi, kukaa nyuma, kuondoka baada ya nyimbo mbili." Andika siku na saa. Kabla ya kulifanya, jipe alama ya moyo kuanzia 0 hadi 10, na baada yake tena. Wengi hushangaa kuona 2 imekuwa 4. Andika hiyo 4, utaihitaji siku utakayodai kwamba hakuna kinachosaidia.

Kutembea kuwemo. Anza na dakika 10, uongeze mpaka 30 kwa siku tano za wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima.

Kinachoharibu wiki hii ni siku nzuri. Mtu akiamka na nguvu hufua godoro, hulima, hutembelea watu wanne, kisha hulala siku mbili na kusema ameshindwa. Siku nzuri fanya kile kile ulichoandika, na siku mbaya fanya nusu yake.

Wiki ya nne: watu

Andika majina. Nani anaweza kusikiliza? Nani anaweza kusaidia kwa vitendo, kama kumchukua mtoto shule? Nani ni wa kukaa naye tu bila maneno? Ni nadra mtu mmoja kuwa yote matatu, na wengi huumia kwa kumwendea kaka wa vitendo wakitaka kusikilizwa. Omba kitu mahususi: "Jumamosi njoo tukae nusu saa, sihitaji ushauri."

Wewe unayeendewa, acha "jikaze", acha "wengine wana shida kuliko wewe", acha "mwanaume halii". Useme "Pole", halafu uulize, "Sehemu gani inauma zaidi?" Kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu.

Sheikh, padri au mchungaji anaweza kuwa nguzo, na sala haigombani na kliniki. Ila popote wanapomfunga mtu minyororo au kumwamuru aache dawa, mtoe hapo.

Wiki ya tano: pima tena

Jibu yale maswali mawili kama mwanzo. Alama zikishuka, endelea na hatua iliyokusaidia zaidi. Zikibaki pale pale au kupanda, daftari limefanya kazi yake ya kukuonyesha kwamba unahitaji zaidi. Lichukue uende nalo hospitali ya wilaya, ukaulize kliniki ya afya ya akili. Kurasa hizo zitamweleza mhudumu mengi ambayo dakika kumi za foleni haziruhusu.

Ukiandikiwa dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini, ujue mambo matatu. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali kichefuchefu au mdomo kukauka huanza siku za kwanza. Hapo ndipo wengi huacha. Dawa hizi hazileti uraibu kama diazepamu, lakini usizikatize ghafla: ukishapona, hutumika miezi mingine tisa hadi kumi na miwili, kisha daktari hupunguza taratibu. Na amitriptilini ikizidishwa ni hatari kwa moyo, kwa hiyo vidonge vikae na mtu mwingine na mbali na watoto.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uandike ukiwa na nafuu. Dalili zako tatu za mwanzo, zile zinazotangulia zote, kwa mfano kuacha kupokea simu, kuamka saa 9 usiku, kuacha kuoga. Chini yake, hatua iliyokufaa kuliko zote. Chini yake tena, jina na namba ya mtu wako. Kisha mwonyeshe huyo mtu ukurasa, ili siku akiona mbili kati ya hizo tatu asikuulize kama unaendeleaje, aje nyumbani.